Fumbwa: mboga ya porini iliyo jamaa ya msonobari

Sokoni Kinshasa, fumbwa mara nyingi huuzwa ikiwa imeshakatwa vipande vyembamba mithili ya nyuzi. Muuzaji hupanga majani, huyaviringisha kuwa bumba la kubana, kisha hupitisha kisu kikali kwenye ncha yake bila kuinua macho. Hayo si mapambo ya biashara. Jani la fumbwa ni kavu na gumu. Ukilipika zima utatafuna hadi taya zichoke.

Mimi ni mtu wa mimea, na huo ugumu ndio ulionivutia kwanza. Fumbwa si ndugu ya mchicha wala ya matembele. Iko kwenye jenasi (kikundi cha spishi za karibu) ya Gnetum, na jenasi hiyo iko katika kundi kubwa moja na misonobari, la mimea isiyotoa maua. Ukiliona jani lake, pana, linang'aa, na mishipa iliyosukana kama ya mkahawa, utabisha. Lakini mmea huu hautoi ua la kweli wala tunda. Kile kitu chekundu unachokiona kikining'inia ni mbegu yenyewe, imevaa ganda lenye nyama. Tena kuna mmea dume na mmea jike: ukiwa na mmoja tu, usingoje mbegu.

Spishi zinazoliwa sana Afrika ni mbili, Gnetum africanum na Gnetum buchholzianum. Zote hutambaa na kuparamia miti katika misitu ya Afrika ya Kati na sehemu za Nigeria. Kameruni wanaiita eru au okok, Nigeria afang au ukazi, Jamhuri ya Afrika ya Kati koko. Mapishi nayo hutofautiana. Kinshasa huiunga kwa karanga za kusaga, mafuta ya mawese na samaki wa moshi. Wapishi wa eru kusini-magharibi mwa Kameruni huchanganya na majani laini ya talinum yanayotoa maji mengi, hivyo sufuria haihitaji kuongezwa maji. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo akili kubwa kuliko zote: jani kavu limepewa mwenzake mwenye maji.

Ugumu huohuo ndio uliozaa biashara. Mchicha ukishinda juani siku moja umekwisha, lakini fumbwa hustahimili siku kadhaa za safari. Kwa hiyo mafurushi ya eru husafirishwa kwa boti kutoka Idenau, pwani ya Kameruni, hadi Nigeria, na fumbwa iliyokaushwa hufika mpaka Brussels na Paris.

Tatizo liko kwenye uvunaji. Mchumaji mwenye haraka huuvuta mmea wote chini, ama huangusha mti uliouparamia, na hapo ameua mavuno ya kesho pamoja na nguzo yake. Spishi zote mbili zimeorodheshwa na IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, kuwa zinakaribia kuwa hatarini. Ukichuma majani au machipukizi ya pembeni na kuacha shina limeshika ardhi, huchipua tena.

Kuipanda inawezekana, ila si kwa kumwaga mbegu. Mbegu zake ni ngumu kuota. Bustani ya mimea ya Limbe, Kameruni, ilifanya kazi kubwa ya kueneza upandaji wa vipandikizi kuanzia miaka ya 1990. Kata kipande cha shina chenye kifundo kimoja (pale jani linapotokea), punguza jani lake hadi nusu ili lisipoteze maji, kichomeke kwenye mchanga au vumbi la mbao lililooza vizuri, ndani ya kisanduku kilichofunikwa kwa plastiki na kuwekwa kivulini. Kikishatoa mizizi, kihamishie chini ya mti ulio hai. Wanaoipanda kwenye jua kali, bila kitu cha kuparamia, wakidhani ni bustani ya sukuma wiki, hupata majani machache ya manjano. Miche ya kivulini, yenye mti wa kushika, ndiyo huendelea kutoa majani ya kuchuma.