Plazma ya CNC nyumbani: kabla hujanunua mashine, anza na moshi

Siku hizi malalamiko yanayoletwa ofisini kwetu, ofisi ya usalama na afya kazini huku Pwani ya Kenya, yamebadilika sura. Zamani jirani alikuja kulalamikia kisiagi au karakana ya mbao, sasa ni kijana amenunua meza ya plazma ya CNC, yaani mashine ya kukata chuma kwa moto wa plazma ikiongozwa na kompyuta, kaiweka kibanda cha nyuma ya nyumba, anakata maua ya mageti na vibao vya majina mpaka saa tano usiku na mtaa mzima unakohoa. Sisi hatuna ugomvi na hiyo mashine. Kazi inayotoka huko ni safi, na mtu wa Jomvu au Mikindani akijiajiri hivyo nani atamkataza? Shida ni mahali watu wanapoanzia. Wanaanza na mashine, halafu stima, halafu hewa ya kompresa, na moshi hawaufikirii kabisa mpaka kifua kianze kubana. Naomba mgeuze huo mpangilio juu chini.

Mambo ya kuchora na kuchagua programu sitaingia, hayo vijana mnayajua kuliko mimi.

Ila kuna dhana moja naisikia kila mara na nimeichoka, ati kwa vile ni nyumbani kwangu sheria ya kazi hainihusu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inagusa mahali popote mtu anapofanya kazi, iwe ni kwa muda au kila siku, haijauliza kama kuna kitanda chumba cha pili. Ukishakata kibao cha mteja au ukaweka msaidizi, hapo ni mahali pa kazi na unatakiwa uombe usajili kabla ya kuanza kutumia hilo jengo, sio baada ya sisi kubisha. Unajaza fomu, unalipa ada, afisa anakuja kuangalia, ukitimiza unapata cheti. Leseni ya biashara ya kaunti ni kitu kingine na cheti cha zimamoto ni kingine tena, kwa hivyo kunionyesha leseni ya kaunti ukasema "mimi niko sawa" haisaidii. Na kama unajikatia vitu vyako tu bila mteja wala msaidizi, pita ofisini uulize, usijiamulie mwenyewe.

Kuhusu adhabu, manake hili ndilo swali la kwanza siku zote. Kosa ambalo sheria haikulitajia adhabu yake maalum lina faini isiyozidi shilingi 300,000 au kifungo kisichozidi miezi 3, au vyote viwili. Mwenye mahali akipuuza wajibu wake kwa watu wanaofanya kazi hapo, inapanda mpaka 500,000 au miezi 6, au vyote viwili. Lakini kortini hatukimbilii. Mara nyingi unaandikiwa notisi ya kuboresha, unapewa muda wa kurekebisha. Ikiwa hatari ni ya saa hiyo hiyo inatoka notisi ya marufuku na mashine inazimwa mpaka turidhike, na huo muda wateja wako wataenda kwa fundi mwingine.

Sasa moshi. Plazma inayeyusha chuma kwa joto la maelfu ya digrii na kukipuliza, na sehemu ya hicho chuma inabaki hewani kama vumbi laini sana usiloliona. Ukikata bati la galvanaizi unavuta zinki, na masaa kadhaa baadaye, mara nyingi usiku, unatetemeka, homa, mwili unauma kote, mdomoni ladha kama ya sarafu. Watu wanadhani ni malaria, wanameza dawa, kesho yake wanapata nafuu kwa sababu homa hiyo huisha yenyewe baada ya siku moja au mbili, basi wanasema dawa imefanya kazi na wanarudi kukata. Kapimwe, na umwambie daktari ulikuwa unakata nini. Chuma cha stenlesi ni kibaya zaidi, kinatoa kromiamu ya aina inayoleta saratani, na tangu 2017 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeuweka moshi wa kuchomelea kwenye kundi la kwanza, la vitu vilivyothibitishwa kuleta saratani kwa binadamu.

Na maziwa, jamani. Hakuna fundi nimekagua asiyeniambia anakunywa pakiti ya maziwa jioni "kusafisha kifua". Maziwa yanaenda tumboni, moshi uko mapafuni, hivyo vitu havikutani. Kunywa kama unapenda, ila pesa ya maziwa ya mwezi inatosha kununua barakoa za kuzuia vumbi laini, zile zimeandikwa FFP2 au zaidi, sio leso na sio ile ya hospitali ya bluu.

Kinga inayosaidia kweli ni meza ya maji. Ni trei ya maji chini ya zile pau za kulaza shiti ya chuma, maji yakikaribia kugusa shiti kwa chini yanameza vumbi nyingi na cheche karibu zote. Lakini usikate alumini juu ya maji kizembe. Vipande vya alumini moto vinatoa haidrojeni ndani ya maji, inajikusanya chini ya shiti, cheche ikiipata inalipuka. Mwenye kukata alumini lazima apulizie hewa ndani ya maji na asafishe tope chini, na asipoweza aache alumini kabisa. Maji yenyewe ukiyaacha wiki mbili bila kuyabadilisha utakuwa unafuga mbu pia. Bado moshi kidogo unatoka, kwa hivyo feni ya kuvuta kwa paipu hadi juu ya paa iwepo, sio feni ya mezani inayomsukumia jirani.

Paa nalo. Kibanda cha makuti hapana, hilo halina mjadala, wala usinipigie simu. Toa pia mbao, matambara ya oili, jerikeni ya petroli ya jenereta. Na pipa lililokuwa na mafuta usilikate hata kama limekauka mwaka mzima, mvuke unabaki kwenye mishono na huo ndio unaoua watu.

Hewa ndiyo inayowavunja moyo wanaoanza, na huku Pwani ni zaidi kwa sababu ya unyevu. Plazma ya ampia 45 inataka karibu lita 190 kwa dakika kwenye presha ya bari 5 na nusu hivi. Kompresa ndogo ya tangi la lita 50 imeandikwa lita 200 kwa dakika, ila hizo ni zinazovutwa ndani, zinazotoka ni pungufu, na kwa vile inafanya kazi bila kupumzika inapata moto na hewa inatoka na maji. Fanya hivi: fungua hewa ipite kwenye tochi, kile kichwa cha kukatia, bila kuwasha moto wa kukata, weka karatasi nyeupe mbele ya nozo, ile ncha yenye tundu la kutolea moto, kwa muda kidogo. Ikitoka na vidoa vya maji au mafuta, usikate. Maji yakiingia kwenye moto, tundu la nozo linapoteza umbo la duara na ukingo wa kazi unaegemea upande mmoja, na ile nukta ya metali ya hafniamu kwenye ncha ya elektrodi, kipuri cha ndani ya tochi, inachimbika. Shimo likifika kama milimita moja na nusu, elektrodi ni ya kutupa. Weka kichujio cha maji, kisha kikausho, toa maji ya tangi kila jioni. Tangi lenyewe kisheria linasafishwa na kukaguliwa na mtu aliyeidhinishwa angalau kila miezi 24, weka ripoti karibu.

Stima nitasema kifupi. Ampia 45 ni za upande wa kukata, upande wa ukutani mashine hiyo ikifanya kazi kwa nguvu inavuta kama ampia 30, na soketi ya nyumbani ni ya 13. Ekstensheni iliyokunjwa kwa roli ndio usiseme. Lete fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati, akuvutie laini yake yenye breka yake na ethi ya kweli ardhini. Mashine za bei nafuu zinazowasha moto kwa umeme wa masafa ya juu zinavuruga kompyuta pia, tochi inasimama katikati ya ua la geti, na mara nyingi tiba ni ethi nzuri na waya za tochi kukaa mbali na za kompyuta.

Macho: miwani ya jua sio kinga. Ampia 40 hadi 60 tumia kioo giza namba 6 kupanda, na mtoto aliyesimama mlangoni kuangalia anahitaji pazia kama wewe unavyohitaji kioo. Macho kujaa mchanga usiku ni kuungua, viazi mbichi haviponyi, nenda kliniki. Masikio nayo: kwa sheria zetu za kelele kikomo ni desibeli 90 kwa masaa manane, na kelele inayotoka nje isizidi 55 mchana na 45 usiku, kwa hivyo kukata saa tano usiku ni kujitafutia malalamiko.

Msaidizi akiumia unatakiwa kumjulisha afisa wa eneo. Akifa, Mungu aepushe, ni ndani ya masaa 24 na barua ndani ya siku saba, na bima yake chini ya WIBA, sheria ya fidia kwa wanaoumia kazini, iwe imelipwa kabla, hailipwi kwa tarehe ya nyuma. Afisa anaweza kuja bila miadi wakati wowote wa kazi na kumzuia ni kosa lingine. Tukija, mfunge mbwa na mzime kompresa tusikizane.