Baada ya risasi kunyamaza: maswali ya wazazi

Usiku wa tarehe 16 Juni 2023, wapiganaji wa kundi la waasi la ADF walivamia shule ya sekondari ya Lhubiriha huko Mpondwe, wilaya ya Kasese, magharibi mwa Uganda, wakaua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi. Haya ni maswali ambayo mzazi huwa nayo baada ya tukio kama hilo.

Mwanangu ana miaka 7 na ameanza tena kukojoa kitandani. Nimchape?
Usimchape. Katika wiki za kwanza hilo ni la kawaida, kama vile kung'ang'ania nguo ya mama au kuumwa tumbo bila ugonjwa. Mara nyingi kinachomtisha ni giza la njia ya kwenda chooni. Msindikize kabla ya kulala, mwekee beseni ndani, na ubadilishe shuka bila maneno mengi.

Kaka yake ameuawa. Tumwambie nini?
Mwambie "amekufa". Ukisema "amelala", mtoto wa miaka 4 ataogopa usingizi. Ukisema "amesafiri", atamngoja mlangoni. Atauliza tena na tena. Mjibu vilevile kila mara.

Tumlazimishe asimulie aliyoyaona?
La. Kumkalisha mtoto na kumdai kila kitu kwa kikao kimoja hakumponyi, na kunaweza kumzidishia hofu. Mpe karatasi na rangi. Akicheza mchezo wa bunduki, kaa karibu naye. Mchezo ukiishia palepale kila siku naye akabaki na woga, muulize: "Hapa nani angekuja kuwasaidia?"

Bodaboda ikilipuka mlio, anajificha chini ya meza.
Mfundishe kupumua, tena akiwa ametulia. Ukingoja ashtuke, hatakusikia. Aweke mkono tumboni, avute hewa kwa pua mkihesabu hadi 3, kisha aitoe kwa mdomo taratibu, kama anayepoza uji, hadi 5. Rudieni zoezi hilo mara tano. Na video za tukio zifutwe kwenye simu: mtoto mdogo akiiona ileile mara ya pili hudhani watu wanauawa upya.

Tumpeleke hospitali lini?
Ikipita mwezi mmoja na bado halali, hali chakula au hataki shule. Akitaja kufa au kujidhuru, usingoje hata siku moja. Anzia kwa VHT (mhudumu wa afya wa kujitolea) wa kijiji au kituo cha afya, au piga Sauti 116, simu ya msaada kwa watoto, bure. Vidonge vya usingizi vya dukani usimpe.