Je, maji ya tangi la juani yanaweza kudhuru ukiyapandisha puani?

Ukiyanywa, hayakuletei ugonjwa wa ubongo tunaouzungumzia hapa. Ukiyavuta puani kwa nguvu, yanaweza kuua. Wa kuogopwa ni amiba aitwaye Naegleria fowleri, kijidudu cha seli moja anayeishi kwenye maji yasiyo ya chumvi na kwenye tope, akila bakteria, bila kumhitaji mtu wala mnyama. Si yule wa kuhara damu, anayeingia kwa chakula kichafu na kukaa utumboni.

Juu kabisa ya pua zipo neva za kunusia. Nyuzi zake hupenya mfupa wenye vitundu kama chekeche, na ng'ambo ya pili ni ubongo. Amiba akisukumwa mpaka hapo huzifuata nyuzi hizo, kisha huanza kuharibu ubongo wenyewe.

Ugonjwa ni nadra sana, lakini zaidi ya asilimia 97 ya waliothibitishwa kuwa nao wamekufa. Kwetu Unguja na Pemba jambo hili latuhusu kwa sababu ya udhu. Mjini Karachi, Pakistan, wagonjwa wengi hawakuwa wameogelea popote. Kilichoshukiwa ni maji ya bomba waliyoyapandisha puani.

Amiba huyu hupenda joto, na huweza kukua mpaka nyuzi 46 za Selsiasi. Tangi jeusi juu ya bati ni kama nyumba yake: maji hupata moto, klorini huisha upesi, na ule utelezi wa ukutani ni bakteria, yaani chakula chake. Sugua utelezi, mwaga maji yote, suuza, ndipo ujaze. Klorini inayobaki majini isipungue miligramu 0.5 kwa lita. Mpira wa maji uliolala juani, yaachie kwanza yale maji ya moto yatoke.

Kwa pua, chemsha maji mpaka yatokote kwa dakika 1, yapoe, uyaweke kwenye birika safi lenye kifuniko. Mara tatu za udhu hazimalizi hata kikombe kimoja, basi birika moja linatosha nyumba. Uso, mikono na miguu, tumia ya tangini. Nani hana kuni wala gesi? Ayaingize kwa upole, asiyavute kwa pumzi, kama afanyavyo aliyefunga. Kwa Mashafii kupandisha maji puani ni sunna, si fardhi.

Baharini amiba huyu haishi, hivyo kuogelea Nungwi hakuna hofu yake. Madimbwi na mabonde ya mpunga kama Cheju ni mengine: watoto wabane pua wanapojirusha, na wasitibue tope.

Dalili huanza baina ya siku 1 na 12: kichwa kuuma vibaya, homa, kutapika, shingo kukakamaa, kuchanganyikiwa, degedege. Hufanana mno na homa ya uti wa mgongo inayoletwa na bakteria, kwa hiyo mwambie daktari mara moja kwamba maji yaliingia puani, na lini. Maji ya uti wa mgongo yatazamwe kwa hadubini yakiwa mabichi, wala yasitiwe kwenye friji: baridi humtuliza amiba, akadhaniwa ni chembe nyeupe ya damu.