Nyanya zinapasuka? Angalia siku zako za maji kabla hujalaumu mbegu

Mvua za Oktoba zikianza tu, simu yangu inajaa picha za nyanya zilizopasuka, na swali ni lile lile: huu ni ugonjwa gani, nipulize dawa gani? Mimi kazi yangu ni mimea, nashinda kwa mashamba na grinihausi za watu, na jibu langu huwa linawashangaza wengi. Usinunue dawa yoyote. Hapo hakuna mdudu wala ukungu, ni maji tu, na sio ati ni mengi ama ni kidogo, shida ni vile yanakuja.

Nyanya karibu asilimia 95 ni maji. Ikiwa bado changa, ganda na nyama ya ndani vinakua pamoja. Ikianza kugeuka rangi ganda limeshamaliza kukua, limekaza, halivutiki tena, kama tyubu ya baiskeli iliyozeeka. Sasa mmea ukikaa siku nne tano na kiu, tunda linapunguza mwendo na ganda linazidi kukomaa, halafu ghafla mvua kubwa inanyesha ama wewe mwenyewe unafungua mpira unalowesha kila kitu mara moja, mizizi inavuta kwa pupa, nyama ya ndani inafura kwa saa chache tu na ganda haliwezi kufuata. Linachanika.

Wengi wanasema waliziacha nzima jioni, asubuhi wakapata zimepasuka, mpaka wengine wanashuku panya. Ni kawaida kabisa. Mchana majani yanatoa maji mengi hewani, kwa hivyo maji mengi yanayovutwa na mizizi yanapitia huko. Usiku jua hakuna na hewa ina unyevu, majani yanatulia, lakini mizizi iliyo kwa udongo uliolowa bado inasukuma maji juu, na sehemu ya hayo maji inaishia kwa tunda. Ndio sababu nawaambia watu wamwagilie asubuhi na mapema. Na ndio sababu ukipogoa majani mengi siku moja, ama ukichuma matunda karibu yote ukabakisha machache, hayo machache yanapasuka: maji ni yale yale lakini pa kwenda pamepungua.

Hebu chukua tunda moja uangalie ule ufa kwa karibu. Ukiwa unashuka kutoka kwa kikonyo kwenda chini, mara nyingi ni maji ya ghafla wakati linaiva. Ikiwa ni mistari imezunguka kikonyo kama pete, hiyo mara nyingi ilianza tunda likiwa bado kijani. Gusa kingo zake. Zikiwa kavu, za kahawia, ngumu kidogo, basi huo ufa ni wa zamani na tunda lilijiponya, kula tu bila wasiwasi. Zikiwa mbichi, zinang'aa na nyama inaonekana, hizo ni za jana usiku, chuma leo hii kwa sababu ukingoja utapata vijinzi na ukungu mweusi na harufu ya kuchacha.

Sasa tuje kwa kile naona kinatuumiza zaidi hapa Nairobi, mgao. Mitaa mingi maji ya mfereji yanakuja siku fulani tu za wiki, na siku yakija mtu anamwagilia ndoo zake za balkoni mpaka yanatiririka chini, akidhani ameweka akiba. Udongo wa ndoo hauwezi kuweka akiba hivyo, yakizidi yanatoka tu, na baada ya siku mbili za jua la Februari ni mkavu tena. Akiba iweke kwa mtungi, kisha uigawe kila asubuhi. Mmea mkubwa wenye matunda, kwa joto, unaweza kuhitaji lita moja mpaka mbili kwa siku, lakini usifuate namba kama sheria, ingiza kidole kwa udongo, ukihisi ubaridi na unyevu huko chini acha kwanza. Na chombo kiwe kikubwa, cha lita 20 hivi. Wale wa ndoo ndogo wanapigana vita vigumu sana.

Walio na shamba upande wa Embakasi kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi wanajua vile unapasuka ukikauka, na maji ya kwanza yanapotelea kwa zile nyufa. Huko usiruhusu ukauke kabisa. Udongo mwekundu wa Karen ama Kikuyu unapitisha maji vizuri zaidi ila nao unahitaji samadi iliyooza ili ushike unyevu. Kote huko tandaza nyasi kavu, unene wa vidole vinne, bila kugusa shina. Kama kuna kitu kimoja tu utafanya kutokana na haya yote, fanya hicho.

Mbegu ina mchango wake, sikatai. Zile ndogo za mviringo zenye ganda laini zinapasuka haraka, aina za Rio Grande na Cal J zinavumilia zaidi. CAN nayo, ile mbolea ya nitrojeni, ukiizidisha inakuza kila kitu kwa haraka mno.

Na kama udongo wako ni mkavu saa hii na mawingu yanakusanyika, usikae ukingoje mvua imwagilie kwa niaba yako. Anza leo kuupa maji kidogo kidogo, ili mvua ikija mizizi isishtuke, na uchume zote zilizoanza kugeuka rangi hata kama ni wekundu kidogo tu huko chini. Zipange mezani jikoni, sio kwa friji na sio juani, zitaiva zenyewe vizuri.