Visiwa ndani ya kongosho: kwa nini nauliza kwanza ni uvimbe wa aina gani

Siku ya Idi ya kuchinja, watoto wa mtaa wetu wa Langoni, Lamu, husimama nyuma ya mchinjaji wakingoja kuona kinachotolewa tumboni mwa mbuzi. Maini, moyo na figo hupelekwa jikoni, na bandama nayo ina wenyewe. Kuna kipande kimoja laini, cha rangi ya waridi iliyopauka, chenye vifundo vifundo, kilichojificha katika mafuta kati ya tumbo na mwanzo wa utumbo, ambacho hurushiwa paka bila mtu kukiuliza jina. Hilo ndilo kongosho. Miaka yangu mingi ya utafiti imepita katika kuzisoma saratani zinazoota ndani ya kiungo hicho kwa binadamu, na kila nirudipo Lamu hakosi mtu wa kunikalisha barazani aniulize: "Daktari, mtu akiambiwa ana saratani ya kongosho, kuna la kufanya?" Nami humrudishia swali: je, kinyama cha uvimbe kimekatwa kikapimwa, na majibu yamesema ni saratani ya aina gani?

Simuulizi hivyo ili kulikwepa jibu. Kongosho ni kama viungo viwili vinavyokaa nyumba moja. Sehemu yake kubwa hutengeneza maji ya kusagia chakula, ambayo hupita katika mifereji midogo hadi kwenye utumbo. Katikati ya sehemu hiyo yametawanyika mafungu madogo ya seli zinazotia homoni, insulini ikiwa mojawapo, moja kwa moja katika damu. Mwaka 1869 mwanafunzi wa udaktari wa Berlin, Paul Langerhans, akiwa na umri wa miaka 21, aliyaeleza mafungu hayo katika tasnifu yake pasi na kujua kazi yao, na baadaye yakaitwa visiwa vya Langerhans. Mtu mzima ana visiwa hivyo kama milioni moja, na vyote kwa pamoja ni asilimia 1 au 2 tu ya uzito wa kongosho. Jina hilo lilinikaa moyoni tangu niliposikia somo lake mara ya kwanza, kwa kuwa mtu aliyezaliwa kisiwani hahitaji kufafanuliwa kwamba watu wa ng'ambo mbili za mlango mmoja wa bahari wanaweza kuwa na tabia mbalimbali kabisa.

Saratani iliyo ya kawaida zaidi huanzia kwenye seli za mifereji, nayo huitwa adenokasinoma. Katika zaidi ya asilimia 90 ya wagonjwa wake, jeni iitwayo KRAS imeharibika, ikawa kama bomba lililofunguliwa na kukwama, likiiamuru seli igawanyike bila kupumzika. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, waliyafuatilia mabadiliko ya jeni katika miili ya wagonjwa waliofariki, wakakadiria kwamba tangu kosa la kwanza hadi seli ya kwanza ya saratani kamili hupita miaka 10 au zaidi, kisha mingine 5 au zaidi kabla ugonjwa haujapata nguvu ya kusambaa. Kadirio hilo lilinibadilisha mimi mwenyewe. Nilikuwa nimezoea kuiita saratani hii kuwa ya ghafla, kumbe ilikuwa imekaa ndani ya mtu muda wote huo, imenyamaza.

Kimya hicho ndicho kinachoua. Kongosho limelala nyuma ya tumbo, karibu na uti wa mgongo, na mkono wa daktari haulifikii. Uvimbe ukiwa kwenye kichwa chake huubana mfereji wa nyongo: macho yakaingia manjano, mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi, choo kikapauka, mwili ukawasha usiku kucha. Ukiwa mkiani, mtu huishia kukonda na kuumwa na mgongo, akakandwa miezi mitatu. Hata Marekani, penye vipimo vyote, ni wagonjwa kama 13 tu katika 100 wanaofika miaka mitano. Upasuaji mkubwa wa kutoa kichwa cha kongosho, ambao Allen Whipple wa New York aliueleza mwaka 1935, huwafaa wachache walioonekana mapema. Kwa walioenewa na ugonjwa mwilini, jaribio la Ufaransa lililotolewa mwaka 2011 lilionyesha kwamba kuchanganya dawa nne kulisogeza wastani wa maisha kutoka miezi 6.8 hadi 11.1. Najua miezi hiyo ni michache. Nimekaa na familia zilizoitumia kuozesha binti na kulipa madeni ya marehemu mtarajiwa, na siwezi kuidharau.

Sasa tuvuke upande wa visiwa. Seli za homoni nazo huota uvimbe, tunaouita wa nyuroendokrini, na huo ni ugonjwa mwingine. Steve Jobs, mwanzilishi wa kampuni ya Apple, aligunduliwa mwaka 2003 akafariki 2011. Aretha Franklin, mwimbaji wa Marekani, alifariki 2018. Wote wawili magazeti yaliandika saratani ya kongosho, na wote walikuwa na uvimbe wa aina hii ya pili. Mwaka 2011 jeni za uvimbe huu ziliposomwa kwa mpangilio, KRAS haikuwa miongoni mwa zilizoharibika. Zilizoonekana ni MEN1, DAXX na ATRX. Kwa mtafiti, hilo lilikuwa sawa na kuthibitishiwa kwamba watoto wawili walioandikwa jina moja la baba hawana hata damu moja.

Mwenye uvimbe huu ninayemkumbuka zaidi ni mama mmoja wa makamo, mshona kofia za vito. Alasiri za Ramadhani sindano ilikuwa ikimdondoka mkononi, jasho likamtoka, maneno yakampotea, akawa hawatambui wanawe. Majirani walisema ana pepo. Akasomewa, akafukizwa ubani. Aliyeona jambo ni binti yake. "Mama akionja tende na maji ya sukari magharibi," aliniambia, "kabla imamu hajatoa salamu amesharudi mwenyewe." Binti yule, bila kujua, alikuwa ameeleza alama tatu ambazo Whipple, ndiye yule yule wa upasuaji, aliwafundisha madaktari wazitafute: dalili zinazokuja kwa njaa, sukari ya damu iliyoshuka wakati huo huo, na nafuu ya haraka mtu akipewa sukari. Alipopimwa katikati ya shida, sukari ilikuwa chini ya milimoli 3 kwa lita. Kijivimbe cha sentimita moja na nusu kilikuwa kikimwaga insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, wakati wote, afunge asifunge. Kilitolewa, na hakuhitaji dawa nyingine.

Wengi wenye uvimbe wa kumwaga insulini hupona namna hiyo. Aina nyingine za nyuroendokrini husambaa hadi kwenye ini na huua, kwa hiyo jina peke yake halitoshi. Ni lazima ijulikane kasi yake.

Hapo ndipo kazi yangu ya kila siku ilipo. Adenokasinoma nikiikata ni ngumu, kisu kinakwaruza, na hadubini inanionyesha sababu: nyuzi zilizoshikana kama makumbi yaliyofukiwa pwani, na humo ndani seli za saratani ni chache, zimejipanga katika vijifereji vilivyopinda. Mishipa ya damu imebanwa na nyuzi hizo, na ndiyo moja ya sababu dawa hupenya kwa taabu. Uvimbe wa visiwa kwa kawaida ni laini, una mpaka wake, na seli zinafanana, zimekaa vikundi vikundi, kila moja na kiini chenye vitone kama chumvi na pilipili manga. Kisha natia rangi ya Ki-67, inayoonyesha seli zilizo katika kugawanyika, nazihesabu zisizopungua 500. Chini ya asilimia 3 ni daraja la kwanza. Kati ya 3 na 20 ni la pili. Ikizidi 20 ni la tatu. Nilipokuwa mwanafunzi nilihesabu kwenye kona iliyotulia nikaandika 2. Mwalimu wangu alisogeza kioo kidogo tu, mahali rangi ilipokolea, akaniambia nianze upya. Ikawa 14. Mgonjwa yule angepangiwa kungojewa tu, kwa uvivu wa jicho langu.

Aina ikijulikana, milango hufunguka. Seli nyingi za nyuroendokrini zina vipokezi vya somatostatini, homoni iliyotambuliwa mwaka 1973 katika maabara ya Roger Guillemin. Dawa inayofanana na homoni hiyo hutuliza uvimbe. Ikifungwa na madini ya luteti-177 yenye mnururisho, hubeba mionzi hadi ndani ya seli yenyewe. Matibabu hayo yaliidhinishwa Marekani mwaka 2018. Mwenye adenokasinoma hayamfai kitu, na hapana namna ya kuwatenganisha wawili hao kwa picha ya skani peke yake kwa uhakika wa kutosha.

Wala kipimo cha damu cha CA 19-9, kitu ambacho hupanda kwa wengi wenye saratani ya kongosho, hakichukui nafasi ya kinyama. Wapo watu ambao damu yao, kwa kurithi, haiwezi kabisa kutengeneza kitu hicho, na miongoni mwa watu wenye asili ya Afrika ni wengi zaidi kuliko wa Ulaya. Mtu wa namna hiyo hupata jibu zuri huku saratani inaendelea.

Kwa hiyo siku hizi, nikialikwa kuzungumza na wauguzi na madaktari wa pwani, jeni nazigusia kidogo na nakaa sana kwenye chupa. Niliwahi kupokea kinyama kilichotoka hospitali moja kikiwa ndani ya maji ya chumvi ya dripu. Kilikuwa kimevuka kwa boti hadi Mokowe, ng'ambo ya bara, kikapanda basi, kikashinda na joto siku mbili. Seli zilikuwa zimeyeyuka, na mgonjwa alikuwa amedhoofika mno kukatwa mara ya pili. Sikuweza kuiambia familia yake alikuwa na ugonjwa gani, na hadi leo hawajui. Kinyama kiingie katika fomalini ya asilimia 10, dawa ya kukizuia kisioze, mara tu kinapotoka mwilini, fomalini iwe angalau mara kumi ya ukubwa wake, saa ya kukitia iandikwe ubavuni mwa chupa, na kifuniko kifungwe kabla ya chupa kushuka gatini.