Miale ya Jua Haiifanyi Picha Kuwa ya Kiroho

Nimeulizwa tena, na safari hii na mtu anayeijua kamera vizuri: niende wapi nikapate picha zenye uzito wa kiroho? Orodha alikuwa nayo tayari. Mlima, maporomoko ya maji, msitu wenye ukungu, na zaidi ya yote ile miale ya jua inayopenya mawinguni. Nafundisha upigaji picha za asili, na sijaona imani inayowakwamisha watu kuliko hii, kwamba utulivu wa moyo umekaa mahali fulani mbali, unamsubiri mwenye nauli.

Nianze na hiyo miale, maana ndiyo inayonikera hasa. Ukiitazama, unadhani inatawanyika kutoka tundu moja la wingu. Kumbe iko sambamba. Jua liko umbali wa kilomita milioni 150 hivi, na mwanga wake ukifika kwetu hauwezi kupanuka kiasi kile ndani ya anga dogo tunaloliona. Ni macho yetu yanayoikutanisha juu, vilevile yanavyozikutanisha kingo za barabara ndefu iliyonyooka. Tena mwanga wenyewe usingeonekana ukipita hewani kama si vumbi na ukungu. Kwa hiyo unachopiga pale ni vumbi lililomulikwa. Sisemi hivyo kuidharau. Mimi pia husimama nikaitazama mpaka ipotee. Ninachokataa ni kuipa cheo. Mwanga ule ndio huohuo uliolala asubuhi hii juu ya gugu lililoota kwenye ufa wa ukuta wako. Ukiguswa na mmoja na mwingine usikuguse hata kidogo, tatizo si mandhari. Hujakaa.

Na sasa kuna programu za kuhariri zinazokuchorea miale popote utakapo, hata pale ambapo vivuli vya miti vinaonyesha wazi kwamba jua lilikuwa nyuma ya mpiga picha. Watu huziona picha hizo wakaandika "amina" kwa wingi. Jamani, kama unasema picha yako ni ushuhuda, basi isishuhudie jambo ambalo halikutokea. Kuongeza kontrasti na kurekebisha rangi sina ugomvi nako. Kubuni mwanga kisha kuuita wa Mungu, hapo nina ugomvi mkubwa.

Mpiga picha Mmarekani Alfred Stieglitz alishaijibu hoja ya "niende wapi" zamani. Mwaka 1922 alianza kupiga picha za mawingu, na mwaka uliofuata akaeleza kwamba alichochewa na dai kuwa nguvu ya picha zake ilitokana na uwezo wake juu ya watu aliowapiga picha. Akaelekeza kamera juu. Mawingu ni ya wote na hayatozwi kodi. Picha hizo, alizokuja kuziita Equivalents (yaani "vilinganifu"), nyingi ni ndogo za kutosha kiganjani, na katika nyingi hakuna upeo wa macho, hata huwezi kusema juu ni upi na chini ni upi. Naye Josef Sudek, mpiga picha wa Kicheki aliyepoteza mkono wa kulia katika Vita vya Kwanza vya Dunia, alipiga picha za dirisha la studio yake mjini Prague kuanzia 1940 hadi 1954: kioo, unyevu uliokishika, na mti uliopinda uani. Dirisha moja.

Sasa hebu tulikaribie tone la maji kwenye ncha ya jani la nyasi, asubuhi na mapema. Karibu kila mtu huliita umande. Mara nyingi si umande. Umande hutapakaa juu ya jani zima kwa vitone vidogovidogo. Lakini ukiona matone manene yamejipanga kwenye kingo au yamening'inia nchani, hayo ni maji ambayo mmea umeyapandisha usiku kutoka mizizini na kuyasukuma nje. Yaani ulipokuwa umelala, nyasi zilikuwa kazini. Mtu anayepita kwa haraka hawezi kuona tofauti hiyo, na mimi nisingeijua bila kamera kunilazimisha kupiga magoti.

Kwa makro (lenzi ya kupigia vitu vidogo kwa karibu) ya 1:1, yaani kitu kikitua kwenye sensa kwa ukubwa wake halisi, tundu la lenzi likiwa f/8 na sensa ikiwa ya fremu kamili, kina cha fokasi, yaani sehemu inayoonekana kali, ni kama milimita moja. Ukipumua tu, imetoka. Ndani ya tone utaona mti wa nyuma umepinduka, matawi chini, mbingu chini zaidi. Ila taswira hiyo haiko kwenye ngozi ya tone. Inajiunda mbele yake kidogo, upande wako. Kwa hiyo inabidi uchague: ngozi ya tone iwe kali na mti ulainike, au mti uwe mkali na tone lenyewe liyeyuke. Kuchagua huko ndiko kunakonituliza, kwa sababu hakuna nafasi iliyobaki akilini kwa jambo lingine. Wengi huliita hilo sala. Mimi nasita kulitaja kwa jina hilo kila mara, lakini sijui lingine linalolikaribia.

Mambo ya vifaa niyapitie upesi. Pete za kurefusha, zinazowekwa kati ya kamera na lenzi, zinatosha kama huna makro. Fokasi ya mkono, sogeza mwili badala ya kuzungusha pete ya lenzi. Kukiwa na upepo, kasi ya shata isishuke chini ya 1/250 ya sekunde, ISO (wepesi wa sensa kwa mwanga) ipande, chengachenga zitakazoonekana kwenye picha zisikutishe.

Shaka ninazo. Sijui kama ninachokihisi kimo kwenye nyasi au nimekuja nacho mwenyewe. Wala si kweli kwamba kamera hukuleta karibu siku zote. Nikianza kukagua skrini baada ya kila fremu, ule utulivu unakatika palepale, na nimezoea kuizima skrini kabisa. Halafu kuna mtazamaji. Picha ileile humnyamazisha mmoja, na mwingine akauliza nimetumia lenzi gani. Sina njia ya kuwalazimisha wakutane. Njia ninayoikataa ni ya kuweka aya ya kitabu kitakatifu juu ya picha dhaifu ili imsukume mtu ahisi kitu. Aya hiyo ina heshima yake, na picha iliyopigwa ovyo isiiegemee. Kama picha haikutoka, rudi kesho kabla jua halijapanda, maana matone yale hukauka mapema. Ardhi ikiwa na unyevu na usiku ukiwa na hewa tulivu, utayakuta tena.