Unaishi kwa Mimea Pekee? Acha Kuhangaikia Protini, Ulizia B12

Ukitangaza nyumbani kwamba umeacha nyama, samaki, mayai na maziwa, swali la kwanza utakalopigwa ni hili: protini utaitoa wapi? Maafisa lishe tunaulizwa hivyo kila mara, na jibu lake ni fupi. Kama unakula makande, wali maharage au ugali kwa choroko za nazi, tena unashiba, protini unayo. Nafaka ina upungufu wa lisini, moja ya vijenzi vya protini, jamii ya kunde inayo tele, na si lazima viliwe kwa mlo mmoja ilimradi siku isipite bila vyote viwili. Mwenye shida ni yule anayeishi kwa ugali na mchicha asubuhi hadi jioni, na wengi wa hao hawakuacha nyama kwa hiari.

Kinachokosekana kwenye mimea ni vitamini B12. Hutengenezwa na bakteria, nasi huipata kupitia nyama, maini, dagaa, mayai na maziwa. Chama cha wala mimea pekee cha Uingereza, The Vegan Society, kilianzishwa mwaka 1944, na B12 ikaja kutenganishwa maabara mwaka 1948. Waasisi wake hawakuwa na namna ya kujua wamekosa nini. Wewe huna kisingizio hicho.

Mtu mzima anahitaji mikrogramu 2.4 tu kwa siku, na ini huweka akiba ya miaka kadhaa. Hapo ndipo watu wanapojidanganya: mwaka wa kwanza mwili mwepesi, na mtu anaanza kuwashauri majirani. Dalili huja taratibu, kwa ganzi miguuni, ulimi kuuma, uchovu usioisha na kusahausahau. Kuna mtego mwingine. Maharage na mboga za majani vina foleti nyingi, vitamini nyingine ya kundi B, na foleti inaweza kuifanya damu ionekane nzuri huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika. Kwa hiyo kipimo cha wingi wa damu kikisoma vizuri, bado hujathibitisha kwamba B12 iko sawa.

Uyoga, mwani na mboga zisizooshwa vizuri havitegemewi, hata kama mitandaoni wanaapa. Unga wa ngano ulioongezwa virutubishi huwa na B12 kiasi, soma mfuko, ila chapati mbili hazitoshi. Njia ya uhakika ni kidonge: mikrogramu 10 kila siku, au 2,000 mara moja kwa wiki. Vidonge vya mchanganyiko wa vitamini B navyo hutofautiana sana, kwa hiyo geuza boksi usome kiwango kabla ya kulipa.

Madini ya chuma yapo kwenye maharage, dengu na kisamvu, lakini ya mimea hufyonzwa kwa shida, na sisi huyazuia zaidi kwa chai ya rangi tunayoshushia chakula. Isubirishe chai walau saa moja. Kamulia limau kwenye mboga, kula chungwa au kunywa juisi ya ubuyu pamoja na mlo. Maharage yaloweke usiku kucha na maji yake uyamwage, maana kuloweka hupunguza fitati zinazoshikilia chuma na zinki.

Kalsiamu nayo inataka akili kidogo. Nyumba nyingi hazikuwa zikiipata kwenye maziwa, zilikuwa zikiipata kwenye dagaa wanaoliwa na miba yao. Ukiwaacha dagaa, mchicha hautaziba pengo, kwa kuwa oksaleti zake huifunga kalsiamu iliyomo. Sukuma wiki na chainizi ni bora zaidi, pamoja na uji wa ulezi na ufuta usiokobolewa. Chumvi iwe yenye madini joto, kwa sababu samaki uliyemwacha ndiye aliyekuwa akikusaidia. Ile ya mawe ya rangi ya waridi inayouzwa ghali kwa kawaida haina.

Mjamzito na anayenyonyesha asijitibu kwa kusoma makala kama hii. Vidonge vya FEFO anavyopewa kliniki vina chuma na asidi ya foliki, havina B12, na wapo wanaodhani vinamaliza kila kitu. Mama asiyepata B12 hutoa maziwa yenye B12 kidogo, na mtoto hazaliwi na akiba kubwa. Kati ya miezi minne na mwaka mmoja mtoto huyo anaweza kulegea, kukataa kula, hata kuacha kukaa ilhali alishaanza kukaa. Apelekwe hospitali mara moja, na mama aseme mwenyewe kwamba hali nyama, mayai wala maziwa. Daktari akimwona mama mwenye afya anayenyonyesha vizuri, hilo si jambo la kwanza atakalolifikiria.